Kichaka cha Launi Tatu

Katika Sanya Juu, mji mdogo ulioegemea ubavu wa magharibi wa Kilimanjaro, ambako msafiri huiacha barabara kuu ya Moshi na Arusha pale Boma Ng'ombe akapanda kuelekea kaskazini, Kibo i mkono wake wa kulia na Meru i mkono wake wa kushoto, mimea ya mapambo aghalabu hainunuliwi bali huombwa. Mpita njia akilipenda ua lililochungulia nje ya uzio hubisha hodi, husalimu, huuliza habari za watoto na za mifugo, kisha ndipo aseme haja yake. Na mwenye nyumba, ambaye naye alipata kuuomba mmea uo huo kwa jirani mwingine katika mwaka ambao haukumbuki tena, hukata pingili mbili tatu kwa kisu cha jikoni, huzifunga katika jani la mgomba, na kumkabidhi mgeni wake pamoja na maelezo ya namna ya kuzipanda: ziwekwe kivulini, zisinyweshwe kupita kiasi, zisisogezwe hata zichipue. Maelezo yote hutolewa isipokuwa moja. Jina la mmea halitajwi, kwa sababu mpaji hanalo, na mpewaji haliulizi kwa sababu amekwisha kupata alichokijia. Kwa njia hii viwanja vya nchi hii ya juu vimejaa wakazi ambao kila mtu anawajua kwa sura, wala hakuna awajuaye kwa majina.

Miongoni mwa wakazi hao ni kichaka nilichokiona uwanjani kwa bibi mmoja, kimo chake kimo cha mtu, majani yake ya kijani kilichokoza, nacho kilikuwa kimejaa maua ya launi tatu kwa wakati mmoja: mengine ya zambarau iliyoiva, mengine ya zambarau iliyofifia, na mengine meupe kabisa, yote katika tawi moja.

"Bibi, mmea huu waitwaje?" nilimwuliza baada ya shikamoo na marahaba.

"Ni maua tu, mjukuu wangu," alijibu. "Nilipewa na marehemu dada yangu, naye aliyatoa shambani kwa mzungu alikokuwa kibarua. Hayakuja na jina."

Jawabu hilo, kwa ajuaye historia ya nyanda hizi, si fupi kama lisikikavyo. Ardhi ya magharibi ya Kilimanjaro, tangu zama za Wadachi hata za Waingereza, ilikatwa vipande vikubwa vikubwa wakapewa walowezi. Na hamu ya serikali ya kikoloni ya kuunganisha mashamba hayo yawe ukanda mmoja wa wazungu, ukanda uliochukua jina la Sanya, ndiyo iliyosababisha Wameru wafukuzwe Engare Nanyuki mwaka 1951, nyumba zao zikachomwa moto, na mwaka uliofuata mwakilishi wao, Kirilo Japhet, akavuka bahari kwenda New York kuwashtaki watawala mbele ya Umoja wa Mataifa. Walowezi walilima ngano, wakafuga ng'ombe, wakapanda kahawa palipoifaa. Na kila aliyejenga nyumba alitengeneza mbele yake bustani, akaagiza miche na mbegu za mimea iliyokwisha kuzunguka dunia kabla yake: mijakaranda ya Amerika ya Kusini, mibogenvilia ya Brazili, mipoinsetia ya Meksiko. Katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967 mashamba mengi yalitwaliwa, wenyewe wakaondoka, baadhi ya nyumba zikaporomoka. Lakini mimea haikupewa amri ya kuondoka. Hata leo, mtu akikuta safu ya mijakaranda imesimama peke yake katikati ya mahindi, pasipo ukuta wala paa, si ajabu akichakura majani chini akakuta msingi wa nyumba. Aliyeupanda mmea alilijua jina lake. Kibarua aliyekata tawi akaondoka nalo mwisho wa juma hakuambiwa, wala hapakuwa na aliyeona kuwa anastahili kuambiwa. Kwa hiyo bibi yule aliposema kwamba maua yake hayakuja na jina, alisema neno la insafu kuliko alivyokusudia.

Majirani zake walikuwa na maelezo yao juu ya launi zile tatu. Mmoja alishikilia kwamba ni mimea mitatu iliyobebeshwa katika shina moja, mfano wa vile mabwana shamba wanavyobebesha maparachichi. Mwingine alisema ni udongo, na wa tatu aliulaumu ubaridi wa usiku. Kila mmoja alitazama rangi tu, na hapo ndipo penye fundisho la kwanza katika sanaa hii ya kuutambua mmea wa mapambo: kwamba rangi, ambayo ndiyo sababu ya kuupanda, ndiyo shahidi asiyeaminika kuliko mashahidi wote. Mwenye kuitegemea hudanganywa kila siku. Bogenvilia ile inayofunika mageti ya Moshi kwa wekundu na uzambarau, wekundu wake si ua hata kidogo. Ni majani matatu membamba kama karatasi yaliyojitia rangi, na ua lenyewe ni kijimrija cheupe kilichojificha katikati yake, ambacho wengi wameishi nacho umri mzima pasipo kukiona. Poinsetia inayowaka kando ya njia mwezi wa Desemba nayo ni majani juu ya majani, na maua yake ya kweli ni vijipele vya njano na kijani pale katikati. Na lantana, mmea wa mapambo uliotoroka bustanini ukawa kero ya malisho, hufungua maua ya njano ambayo baada ya siku moja au mbili hugeuka waridi, hata shada moja likaonekana limeshonwa kwa nyuzi mbili. Ya kichaka cha bibi yalikuwa hayo hayo: ua hupasuka likiwa la zambarau, kesho yake hufifia, na siku ya tatu huwa jeupe, na kwa kuwa matumba hayapasuki yote siku moja, mtazamaji huona siku tatu zimesimama pamoja. Hapakuwa na mimea mitatu wala udongo wa ajabu, bali umri wa ua.

Basi anayetaka kuujua mmea na aanze kwenye jani, na katika jani asianze kwa umbo, aanze kwa mahali lilipokaa. Majani hayajitupi ovyo juu ya tawi: ama hukabiliana mawili mawili, ama hupishana moja huku na moja kule, ama huizunguka pingili matatu na zaidi, na ukoo mmoja wa mimea mara nyingi hushika desturi moja kwa uaminifu unaotia haya. Mkahawa hukabilisha majani yake, na jamaa zake karibu wote hufanya vivyo. Oleanda huyapanga matatu matatu. Majani ya kichaka kile yalipishana. Kwa jambo hilo moja tu, ambalo mtoto wa darasa la kwanza aweza kuliona, nusu ya mimea ya bustani ilikwisha kuondoka barazani, lantana ikiwa miongoni mwao, na haikuhitaji kufikiriwa tena.

Kisha jani huchumwa, na pale lilipochumwa hutazamwa. Mimea mingi ya mapambo iliyotoka nchi za joto hutoa utomvu mweupe, na utomvu huo ni hati ya nasaba: poinsetia hutoa, na mti ule wenye maua ya njano ya mfano wa kengele na majani membamba, unaopandwa sana mbele ya maofisi ya Moshi, nao hutoa, na yote miwili ni ya kujihadhari nayo. Kichaka cha bibi hakikutoa maziwa. Jani lilifikichwa likanuswa: halikuwa na harufu ya rehani wala ya mchaichai wala ya kitu chochote cha jikoni. Shina lilipapaswa: lilikuwa la mviringo, si la pembe nne kama la lantana na jamii ya rehani. Ukingo wa jani ulikuwa laini, hauna meno. Upande wake wa juu ulimeremeta, wa chini ulipauka. Na pale kikonyo kilipoungana na tawi hapakuwa na vile vijani viwili vidogo vya ulinzi ambavyo haibiskasi huwa navyo. Kila alama peke yake ni hafifu, na mwenye haraka huziona ni upuuzi. Lakini zikusanywapo hufanya kazi ya mashahidi waliohojiwa mbalimbali: haidhuru kwamba kila mmoja aliona kidogo, madhali wote hawakupingana.

Baada ya jani ndipo zamu ya ua, nalo halitazamwi kwa kuvutiwa bali hupasuliwa kwa wembe kutoka kinywani hata kitakoni, kwa sababu mambo yenye thamani yamefichwa ndani. Sepali tano zilikuwa zimeungana zikafanya kikombe cha kijani. Petali tano nazo ziliungana chini zikawa mrija mwembamba uliopinda kidogo, kisha juu zikatandazika bapa, na kuuzunguka mdomo wa mrija palikuwa na duara jeupe ambalo halikubadilika wakati petali zenyewe zilipokuwa zikibadilika. Ndani ya mrija, karibu na mdomo, zilikaa stameni: nne, mbili ndefu na mbili fupi. Chini kabisa ilikuwapo ovari yenye vyumba viwili.

Hesabu hii ya tano na tano na nne ndiyo iliyowatatiza hata wenye ilimu. Ovari ya vyumba viwili, petali tano zilizoungana, majani yanayopishana: zote ni desturi za ukoo wa kiazi mviringo, nyanya, bilingani, pilipili, tumbaku na mnavu. Ila katika ukoo huo ada ni stameni tano, na hapa moja ilikosekana. Na kwa ajili ya stameni hiyo moja wako wataalamu wa zamani waliokitoa kichaka hiki katika ukoo wake wakakiweka kwa watu baki, kabla ya waliowafuata kukirudisha nyumbani. Nilipoyafikiria haya nilitazama nje ya uzio, nikaona matuta ya viazi ya bibi yule yule, yaliyotoa maua yake madogo meupe yenye petali tano. Jamaa wawili waliotoka bara moja la Amerika ya Kusini, mmoja akawa chakula na mwingine akawa pambo, walikuwa wanaishi hatua chache baina yao katika Sanya Juu, wala hapakuwa na mtu wa kuwatambulisha.

Jina lake ni Brunfelsia, asili yake Brazili na nchi jirani zake, na jina hilo lina kisa kinachoelekea mno na jawabu la bibi. Otto Brunfels alikuwa mtawa wa Kijerumani aliyeiacha nyumba ya watawa, akafundisha Strasbourg, akawa tabibu, akafa mwaka 1534. Miaka minne kabla ya kufa alitoa kitabu cha mimea ambacho umaarufu wake ulitokana zaidi na mchoraji kuliko mwandishi. Kwa maana mchoraji, Hans Weiditz, aliletewa mimea hai akaichora kama ilivyokuwa, na jani lililonyauka alilichora limenyauka, na lililotobolewa na mdudu alilichora na tundu lake, wakati ambapo desturi ya zama zile ilikuwa kunakili picha za vitabu vya kale hata ua likafanana na pambo la pazia. Brunfels mwenyewe alikuwa mateka wa vitabu hivyo vya kale. Mmea alioukuta katika maandiko ya Wayunani na Warumi aliuheshimu. Ule ambao mkulima wa Ujerumani aliujua lakini wahenga wa Roma hawakuutaja, aliuingiza kitabuni kwa shingo upande, akaiita mimea ya namna hiyo kuwa ni mimea iliyo uchi. Kwake yeye jina la Kilatini lilikuwa ndiyo nguo, na mmea usio nalo haukuwa na stara ya kusimama mbele ya watu.

Miaka mingi baadaye mtawa mwingine, Mfaransa Charles Plumier, aliyetumwa na mfalme wake kuchunguza mimea ya visiwa vya Karibi, alipata mimea ambayo si Wayunani wala Warumi waliowahi kuiota, na alipohitaji majina aliamua kuivika majina ya mabwana wa elimu ya mimea waliomtangulia. Katika kitabu chake cha 1703 Brunfels akapata kichaka chake. Mwingine aliyekumbukwa na Plumier alikuwa Mathias de l'Obel, naye akapata Lobelia. Na ndiyo maana yule Lobelia mrefu wa Kilimanjaro, asimamaye kwenye baridi juu ya misitu na kufunga majani yake kila usiku, hubeba jina la mtu wa Ulaya asiyejua kwamba mlima huu upo, na la pili la Baron von der Decken, aliyejaribu kuupanda mwaka 1861 na 1862 asifike. Dunia ya majina ina upendeleo wake kama dunia ya vyeo, na wapagazi waliowabebea mabaroni mizigo hawamo katika daftari hiyo.

Hata hivyo mtu akisha kufika kwenye Brunfelsia hajamaliza safari, na hapa ndipo ninapotofautiana na wale wenye pupa ya kutaja majina mawili ya Kilatini kwa pumzi moja. Ua moja lililopasuliwa latosha kuitambua jenasi. Spishi ni shauri jingine. Ziko Brunfelsia kadhaa za bustani ambazo maua yake huanza zambarau na kwisha meupe, nazo zimechanganywa vitaluni kwa muda mrefu, na kuzitenganisha kunataka kupima urefu wa kikombe cha sepali, kuhesabu maua katika kila shada, kutazama kama kikombe kina malaika au ni kitupu, kisha kulinganisha na sampuli zilizokwisha kuthibitishwa. Asiyefanya hayo na aseme Brunfelsia, akomee hapo. Kukoma mahali ushahidi unapokoma nako ni sehemu ya maarifa, na katika sanaa hii ni sehemu isiyofundishwa vya kutosha.

Watu wasije wakadhani kwamba sanaa hii ni ya wageni. Wachagga wameijua toka kale, ila waliielekeza kwa mimea iliyowahusu. Sale, ambalo wataalamu huliita Dracaena fragrans, mtoto wa mlimani hulijua kabla ya kuijua herufi: majani marefu ya umbo la upanga, yaliyojikusanya kileleni mwa bua, na bua lenyewe lenye alama za duara pale majani ya zamani yalipodondoka. Hangoji kuona ua, na ni vyema, kwa kuwa ua la sale hutoka kwa nadra na hutoa manukato yake usiku. Jani hilo huonyesha mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na mwenye kuling'oa hushtakiwa na ukoo mzima. Jani hilo, likifungwa fundo na kupelekwa kwa uliyemkosea, huomba msamaha ambao mwenye adabu hawezi kuukataa. Na jani hilo hupandwa penye makaburi. Mmea uo huo, katika nyumba za Ulaya na Marekani, husimamishwa ndani ya chungu karibu na dirisha la sebule, hufutwa vumbi, na wenyeji wake hawajui kwamba wanaishi na mpatanishi. Kwa hiyo Sanya Juu na ughaibuni ziko sawa katika hili: kila upande unapamba nyumba zake kwa mmea usioujua, na mwenye kuujua yuko ng'ambo.

Wala si wakulima peke yao wasahaulifu. Liko ua moja dogo la kivulini, lenye petali bapa na nyuma yake mrija mrefu uliochongoka, na tunda linalofyatuka likiguswa, ambalo huota kwa asili toka Kenya hata Msumbiji na sasa hupandwa katika bustani za dunia nzima; ni jamaa wa Impatiens kilimanjari, yule mwenye wekundu na manjano ambaye haoti penginepo ila katika misitu ya mlima huu. Mwaka 1868 Joseph Hooker, aliyekuwa mkuu wa bustani ya Kew huko Uingereza, alilipa jina la Horace Waller, mmisionari na rafiki wa Livingstone. Baadaye Dokta John Kirk, balozi wa Waingereza Unguja, alipeleka Kew mmea ulio hai. Ukachanua huko, ukapendwa, na mwaka 1882 Hooker yule yule akautangaza kuwa ni mpya, akauita Impatiens sultani kwa taadhima ya Sultani wa Unguja, ambaye siku hizo alikuwa Sayyid Barghash. Ilikuja kubainika kuwa ni mmea mmoja uliopewa majina mawili na mtu mmoja, na kwa kuwa sheria ya wataalamu humpa haki aliyetangulia, Sultani alivuliwa, na Waller akabaki. Maua ya jamii hii ni laini mno, na yakikaushwa hujikunja na kushikamana, hata mjuzi akatatizika kulitambua kavu alilolijua bichi; lakini hata tukimpa Hooker udhuru huo, mwenye bustani wa Sanya Juu asione haya kwa kutolijua ua lake, ikiwa mkuu wa Kew alilisahau la kwake.

Watu wa pwani walikuwa na mizani yao, nayo ni pua. Asumini, kilua, mkadi, mlangilangi na mrehani hawakuulizwa petali zao ni ngapi. Waliulizwa harufu yao ni ipi, hukaa muda gani, na yafaa kuingia katika kikuba au kutandazwa kitandani. Maarifa hayo yalikuwa kamili kwa kazi yake. R. O. Williams alipochapisha mwaka 1949 kitabu chake juu ya mimea ya manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba, alikuta majina ya Kiswahili tele kwa mimea yenye harufu na matumizi, kama alivyokuta mtaalamu wa mimea Greenway, wa kituo cha utafiti cha Amani, ambaye kamusi yake ya majina ya mimea kwa Kiswahili ilikuwa imetangulia. Huku bara ya juu, ambako mmea wa bustani hauingii kitandani wala katika kikuba bali hutazamwa tu, jina halikuwa na kazi ya kufanya, na kisicho na kazi hupotea.

Ila kazi ipo, na ni ya kuokoa uhai. Tarumbeta lile la rangi nyeupe au ya machungwa, lililoning'inia kichwa chini katika nyua nyingi za Kilimanjaro, ni la ukoo uo huo wa kiazi, nalo lina sumu kali katika majani, katika ua na katika mbegu. Jamaa yake wa porini, mwenye matunda ya miiba, husimamisha ua lake wima, na tofauti hiyo ya kuinama na kusimama yatosha kuyatenga. Oleanda ni sumu. Mti ule wa maua ya njano mbele ya maofisi ni sumu, na mbegu zake hasa. Brunfelsia yenyewe imejulikana kwa kuwatia mbwa kifafa wakila matunda yake au sehemu zake nyingine. Bibi yule ana wajukuu na ana mbwa, na alikuwa na haki ya kuambiwa hayo siku ile ile alipopewa tawi. Nilimweleza, akalitazama tunda bichi kwa muda, kisha akaagiza kijana achume yote yaliyokuwapo na kuyafukia. Kichaka hakukikata, alisema ni cha dada yake.

Siku hizi vijana hunyanyua simu, hupiga picha, na programu huwapa jina kabla hawajashusha mkono. Silidharau jambo hilo, kwa kuwa limewafanya wengi waulize ambao hawakuwa wakiuliza. Lakini picha hupigwa toka juu, na huchukua rangi, yaani yule shahidi tuliyekwisha kumkataa. Haioni mgongo wa jani, hainusi, haijui kama kuna maziwa, wala haijapasua mrija kuhesabu stameni. Simu na itoe dhana yake, kisha mwenye macho aende kuithibitisha kwa jani na wembe.

Na liko jambo jingine la kufanya, ambalo nawasihi walimu wa shule za wilaya hii ya Siha walipokee, kwa kuwa ni rahisi na wanafunzi hulipenda. Hazina ya taifa ya mimea iliyokaushwa iko hapo hapo Arusha, huko Ngaramtoni, na kazi kubwa ya kuiorodhesha mimea ya Afrika Mashariki, iliyoanza kuchapishwa 1952, ilikamilika 2012, kwa hiyo hakuna sababu ya ua la uwanjani kukaa bila kujulikana kana kwamba tuko bado katika zama za Brunfels. Katwe tawi lenye majani na maua kwa pamoja, na tunda kama lipo, kwa maana jani pasipo ua ni nusu ya habari. Libanwe baina ya magazeti, na magazeti yabadilishwe kila siku hata tawi likauke. Siku ile ile ya kulikata iandikwe rangi ya ua, kwa sababu itapotea, na harufu yake, na kama lilitoa utomvu, na jina ambalo wenyeji hulitumia, na kwa nani lilitoka. Mwisho liandikwe jina la kijiji na tarehe, kwani tawi lisilo na mahali wala tarehe, hata likiwa zuri namna gani, wataalamu hawalipokei.